Kumi na Moja Juu ya Thelathini

Karatasi ilirudi Jumanne, mvua ikipiga mabati ya Lurambi
kama mtu anayepepeta mahindi juu ya dari.
Kumi na moja. Juu ya thelathini.
Nikaikunja mara nne nikaitia ndani ya soksi,
nisije nikakutana na Mmbone mlangoni akaniuliza.

Na nilikuwa nimesoma, haki ya Mungu.
Daftari langu lilikuwa manjano tupu, jalada hadi jalada;
kalamu ya rangi ilikauka, nikanunua nyingine.
Mhadhiri akiandika "kwa hivyo" ubaoni
nami naitikia kichwani, "kwa hivyo,"
kama mgeni katika kanisa la wenyewe:
mdomo unakwenda, tenzi haijui.
Kukaa ukingoni mwa Isiukhu ukitazama wengine wakiogelea
hakujamfundisha mtu kupiga mbizi.

Jumamosi nikapeleka debe la mahindi kwa Shisia.
Kinu kilikuwa kimezimwa, ukanda umekatika, anaushona.
"Huko chuoni mnafundishwa nini?"
"Fizikia."
"Ya kula au ya kupaka?"
Nikalionyesha gunia lililokuwa juu ya benchi lake, kilo tisini.
"Hili, dunia inalivuta chini."
"Mgongo wangu unajua."
"Na benchi linalisukuma juu."

Akacheka hadi unga ukamdondoka nyusini.
"Mbao? Mbao ina misuli?
Haya, nikiliondoa gunia nikaweka kisado,
benchi litajuaje kwamba sasa lisukume kidogo?"

Nikafungua kinywa.
Kikabaki wazi.

Nilikuwa nimeipaka ile kanuni rangi mara mbili.
Ningeweza kuikariri nikiwa usingizini.
Na swali la mtu wa kinu
liliipita katikati kama sindano kwenye chandarua.

Shisia mwenyewe ndiye aliyeinama kwanza.
"Hebu njoo."
Ubao ulikuwa umepinda, kidogo mno,
kama mtu anayezuia chafya.
Tukaliteremsha gunia, yeye huku, mimi kule.
Ubao ukanyooka.
Tukalipandisha tena. Ukapinda.
Tulifanya hivyo mara tatu, watu wazima wawili,
mama mmoja mwenye mtama akitungoja bila kusema neno.

Usiku ule nilifunga kitabu, nikakiweka chini ya mto.
Nikapasua mfuko wa unga, nikaandika upande wake mweupe.
Gunia. Mshale chini. Mshale juu.
Kisha nikalitia ndani ya toroli,
nikaliachia mteremko wa Shirere, kimo mita ishirini,
nikahesabu mwenyewe, bila mfano wa kuchungulia.
Jibu: mita mia nne kwa sekunde.

Nikalitazama.
Toroli la Shirere linalipita sauti yake lenyewe!
Jana ningelipigia mstari, mara mbili, kwa rula.
Nikacheka peke yangu. Nikarudi juu, mstari kwa mstari,
nikakuta mahali nilipoacha kutoa kipeuo.
Ishirini. Hata ishirini ni nyingi,
ila msuguano nilikuwa nimeutupa ili hesabu iwe rahisi,
na sasa angalau najua ni nini nilichotupa.

Mmbone akabisha, anatafuta chumvi.
Nikavuta karatasi kutoka kwenye soksi.
Akaitazama, akaketi kitandani taratibu.
"Mimi nilipata tisa," akasema.

Tangu hapo hukaa hivyo baada ya chakula,
vitabu vimefungwa, mmoja anauliza, mwenzake anachora.
Tunagombana. Juzi aliniita mbuzi kwa sababu ya kosaini,
na kweli nilikuwa mbuzi.

Mtihani ni Alhamisi. Sijui nitapata ngapi.
Lakini nikiketi siku hizi, juu ya kiti chochote,
huwa natulia kwanza, nasikiliza:
mbao inapinda chini yangu, kidogo mno,
inanirudishia uzito wangu wote,
wala haizidishi.